Sakafu ya Mama Mkwe

Kampuni ilipokuja kujenga kiwanda chake chini ya kilima cha Kwa Mbindyo, mwendo mfupi kutoka soko la Mukuyuni, iliahidi kuleta maendeleo, na ahadi ni deni. Haukupita mwaka maendeleo yakaanza kutoka kwenye bomba refu, meusi, yenye harufu ya kukwaruza koo. Yakatua juu ya mabati, juu ya mbaazi shambani, juu ya nguo zilizoanikwa na juu ya uji uliowekwa nje upoe. Hakuna aliyeweza kusema amesahauliwa. Mahindi ya msaada yalipoletwa wakati wa njaa ya mwaka wa themanini na nne, wako waliokosa. Lakini moshi wa kampuni haukumbagua mjane wala tajiri.

Kazi ya kiwanda ilikuwa kuvunja betri kuukuu za magari na kuziyeyusha ili kupata madini ya risasi yaliyomo ndani yake. Madini yalipakiwa kwenye malori yakashika barabara kuu ya Mombasa, yakaenda zake. Kilichobaki ni majivu meusi, mazito kama mchanga wa mtoni, ambayo yalimwagwa nyuma ya ua hadi kilima cha Kwa Mbindyo kikapata mdogo wake. Kampuni haikuwa na choyo. Ilitangaza kanisani na sokoni kwamba mwananchi yeyote anayetaka majivu na aje na punda wake achukue bure. Watu walishangaa. Tangu uhuru hawakuwa wamepewa kitu cha bure ambacho hakikuhitaji kupigiwa kura kwanza.

Miongoni mwa waliofanya kazi kwenye tanuri alikuwako Kisilu, mwanamume mpole mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Aliishi na mkewe Ndinda na binti yao mdogo katika vyumba vya kupanga kando ya ua wa kiwanda. Kila mchana wafanyakazi wa tanuri walipewa pakiti ya maziwa kila mmoja. Walipouliza sababu, meneja wao, Bwana Ndululu, aliwaambia ni kwa vile kampuni inawapenda. Kisilu hakuwa mtu wa kunywa mapenzi peke yake. Alitia pakiti yake katika mfuko wa ovaroli ile ile iliyoshinda tanurini, akampelekea mtoto. Mtoto akamrukia, akajifuta uso kwenye kifua cha baba, kisha akanywa.

Mtoto aliitwa Muthoki, jina la mama yake Ndinda, na kwa kuwa alikuwa mdogo wakamwita Kathoki. Kwa sababu ya jina hilo Kisilu alimwita "mama mkwe". Kathoki alipomsogelea akila, Kisilu alijifunika uso kwa sahani na kupiga kelele, "Nimekufa! Mkwe ameniona nikitafuna!" Mtoto alicheka hadi akaanguka.

Mzaha huo ulikuwa na mzizi. Wakamba wana adabu iitwayo nthoni. Mume na mama wa mkewe hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawasemezani ila kwa kinywa cha mtu mwingine. Wakikutana njiani, mmoja huingia kichakani, humo mna nyoka au hamna. Na nyumba ya mama mkwe, mkwe wa kiume haingii hata mvua ikinyesha mawe. Adabu hiyo huweza kulegezwa kwa mbuzi na blanketi vinavyokabidhiwa mbele ya wazee. Wazee wakishashiba, wawili hao wanaweza kusalimiana kama binadamu. Kisilu alikuwa bado hajaleta mbuzi wala blanketi. Na Muthoki mkubwa hakuwa mwanamke wa kulegeza kitu bure. Alipookoka aliacha ugoro, pombe na ngoma, lakini nthoni aliibakiza, kwa sababu alitafuta katika Biblia nzima mahali ilipokatazwa akapakosa.

Tena alikuwa mtu wa usafi. Wengine ni wasafi kama watu wengine walivyo warefu, hawajui walivyoupata. Yeye alikuwa msafi kama askari alivyo askari. Hakugusa ufagio kabla ya kunyunyiza maji, kwa sababu, alisema, kufagia pakavu ni kuutoa uchafu sakafuni na kuupandisha puani. Mke wa mtu aliyefagia pakavu mbele yake alipokonywa ufagio, hata kama ni kwake.

Kisilu alimstahi na kumwogopa kwa kiasi kimoja. Alitamani kumpendeza, lakini utampendezaje mtu usiyeruhusiwa kumtazama? Ndipo alipoyakumbuka majivu. Aliazima mkokoteni wa punda, akaujaza magunia, akayashusha penye mchongoma wa mwisho kabla ya boma la wakwe zake, akakohoa kwa adabu, akarudi mbio.

Muthoki aliyachanganya majivu na mavi ya ng'ombe na udongo wa kichuguu, akaikandika nyumba yote, sakafu na kuta hadi usawa wa kiuno, akaisugua kwa jiwe la mtoni mpaka ikang'aa kama kiatu cha afande. Mchwa wakahama. Funza na viroboto wakasahaulika. Kuku waliozoea kudonoa makombo humo ndani walipinda shingo wakafa, lakini kuku hufa. Ni kama kazi yao. Wanawake wa mwethya, kile chama chao cha kusaidiana kazi, wakaja kuona.

"Mwaitu, mama yetu, hii ni simiti?" aliuliza mmoja, akivua malapa mlangoni.

"Simiti ni ya watu wasio na wakwe," akajibu Muthoki.

Maneno hayo yalimfikia Kisilu kwa njia ya Ndinda, na siku hiyo alifanya kazi ya tanuri akipiga mluzi.

Wakati huo watoto wa kando ya ua walikuwa wameanza kuumwa: mmoja tumbo, mwingine miguu, mwingine analia tu bila kusema anacholilia. Akina mama wakaenda kwenye geti kuuliza. Kampuni, ambayo haikupenda kuona mama akihangaika, ikamleta afisa wa ustawi mwenye tai. Afisa alipita nyumba kwa nyumba akichungulia chini ya vitanda, na kabla ya chakula cha mchana alikuwa amegundua chanzo cha ugonjwa: akina mama wenyewe. Vumbi lilikuwa kila mahali, alisema, juu ya meza, juu ya blanketi, juu ya masufuria, na vumbi ni dalili ya uvivu. Hakuuliza lilitoka wapi. Hakuletwa kwa kazi hiyo. Kampuni ikagawa fagio mpya, ikaanzisha na mashindano ya Nyumba Safi, zawadi yake toroli. Mshindi wa mwaka wa kwanza, bila ubishi, alikuwa Muthoki.

Kathoki alipoanza kukohoa, Kisilu na mkewe walifuata ushauri wa mwenye tai. Mtoto atolewe kwenye vumbi, apelekwe penye usafi. Na palikuwa wapi penye usafi kuliko kwa nyanya yake? Ndinda akambeba, akampeleka. Kisilu alilala usingizi mzito siku hiyo, kama mtu aliyefunga ng'ombe wake mahali salama.

Mtoto alikaa huko msimu mzima wa mbaazi. Hakuna mtoto aliyetunzwa vizuri kama yule. Aliogeshwa asubuhi, akaogeshwa jioni, na katikati alikaa juu ya sakafu ile baridi, nyororo, akivingirisha gunzi la mahindi. Alikuwa na mchezo mmoja tu ambao nyanya hakuupenda: alikwangua ukuta kwa ukucha na kulamba kidole. Lakini ni mtoto gani wa Ukambani hajala udongo? Nyanya mwenyewe, alipokuwa na mimba ya Ndinda, alikula kichuguu kizima, na Ndinda akatoka ana akili. Tena udongo huu, kwa namna fulani, ulikuwa na utamu.

Ndinda alipokwenda kumtazama baada ya mavuno, mtoto hakumkimbilia. Alikuwa ameketi akiwa mweupe midomoni, ameshika tumbo. Maneno aliyokwenda nayo hakuwa nayo tena. Akiitwa aligeuza kichwa kama mtu anayesikia sauti kutoka ng'ambo ya mto. Alasiri ile ile mwili ukamkakamaa, macho yakapinduka.

Kwenye hospitali ya misheni alipokelewa na daktari mwanamke mwenye miwani, asiye na haraka. Alimfunua mtoto mdomo akatazama ufizi kwa muda mrefu. Palikuwa na mstari mwembamba wa buluu chini ya meno, kama uliochorwa kwa kalamu. Akatoa damu, akaenda kuichungulia kwenye mashine yake, akarudi.

"Baba, unafanya kazi gani?"

"Tanurini, daktari. Kwa betri."

"Na mtoto anaishi karibu na kiwanda?"

"Aa, hapana! Tulimtoa mapema. Anakaa kwa nyanya yake. Ile nyumba ni safi kuliko zote lokesheni nzima. Hata walipewa toroli."

"Sakafu yake ni ya nini?"

Kisilu alifungua kinywa ajibu kwa fahari, kikabaki wazi.

Daktari akaeleza bila kupamba. Mtoto alikuwa amekula madini ya risasi, yale yale ya ndani ya betri. Yamo kwenye vumbi la nguo za baba, na kwenye majivu yamo zaidi. Atamtibu. "Lakini dawa yangu ni kama kupangusa maji chini ya paa linalovuja. Nguo za kazi zibaki kazini. Na akirudi kwenye hiyo sakafu, hata kwa wiki moja, msinilaumu. Degedege ya pili haitamwacha."

Kisilu alitoka nje akakaa kwenye ngazi. Alikumbuka magunia, punda, mchongoma na kile kikohozi chake cha adabu.

Basi kazi iliyobaki ilikuwa nyepesi sana: kumwambia mwanamke anayejivunia usafi, ambaye huruhusiwi kusema naye, kwamba nyumba yake ni sumu.

Wa kwanza kutumwa alikuwa Ndinda. Alikwenda asubuhi, akarudi macho mekundu.

"Amesemaje?"

"Ameuliza kama ni wewe unasema yeye ni mchafu, ama ni mimi nasema yeye ni mchawi. Amesema nichague moja nimletee jibu."

"Hukumwambia ni daktari amesema?"

"Nilimwambia. Akasema huyo daktari aje atafute vumbi kwake na kitambaa cheupe, na akikosa, alambe kitambaa."

Wa pili alikuwa baba mkwe, mzee Musyoka, ambaye Kisilu aliruhusiwa kuongea naye. Wakakutana nje ya boma. Musyoka alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa amani. Katika maisha yake hakuwahi kufikisha neno baya mahali popote. Lilipopita kwake lilitoka limeoshwa na kuvalishwa tai.

"Mzee, mwambie mama hiyo sakafu ina sumu. Ndiyo inaua mtoto. Ivunjwe."

"Nimekusikia, mwanangu. Ni neno zito."

"Mwambie hivyo hivyo, mzee."

"Hivyo hivyo," alisema Musyoka, akaingia ndani. Akamkuta mkewe anachambua pojo. Akakohoa, akakaa, akasifu mvua, akasema, "Mkweo anakusalimu sana. Ameitaja hata sakafu yako. Anasema ina nguvu ajabu."

"Ana macho huyo," alisema Muthoki, akalainika kidogo. "Mwambie asiwe anasikiza Ndinda."

Musyoka akarudi nje akamshika Kisilu bega. "Amelipokea vizuri," akasema.

Wa tatu alikuwa Gabow. Huyu alikuwa mwenye duka pale Mukuyuni, mtu wa kaskazini-mashariki, aliyenunua mbuzi hadi Kyuso na kuwaleta kwa malori. Kwa kuwa hakuwa Mkamba, nthoni haikumfunga, na kwa kuwa alikuwa Gabow, hakuna kitu kilichomfunga kusema. Tangu kiwanda kianze alikuwa ameacha kununua mbuzi waliolishwa upande wa Kwa Mbindyo. Muthoki alipokuja kununua sukari, alimwanza hapo hapo juu ya kaunta.

"Mama, ile sakafu yako vunja. Mbaya."

"Gabow, mwaka jana ulikataa mbuzi wangu."

"Nilikataa. Meno yao yalikuwa meusi."

"Sasa umemaliza mbuzi, umefika sakafu. Unataka kuinunua bei ya chini?"

"Wallahi mama, hata bure siitaki!"

"Basi iache," alisema Muthoki, akachukua sukari yake.

Gabow alimpa Kisilu ripoti akiwa amekaa juu ya gunia la mchele. "Yule mama ni jiwe," akasema. "Lakini nyinyi pia! Mtoto wako anakufa, na wewe unatuma watu kama unaoa. Huna mdomo?"

"Ni nthoni, Gabow. Huwezi kuelewa."

"Kweli siwezi," alisema Gabow. "Nieleze tena mtoto akishapona."

Mtoto hakika alianza kupona. Rangi ilimrudia midomoni, akala, akashika kidole cha baba yake na kukivuta. Daktari akasema karibu ataruhusiwa kutoka, akauliza kama sakafu imevunjwa. Kisilu akasema mambo yanaendelea. Alikuwa amejifunza lugha hiyo kwa meneja.

Siku ya mashindano ya pili ikafika. Ndinda alikuwa amekwenda nyumbani kuchukua nguo safi za mtoto. Aliporudi hospitali alikuta kitanda kimetandikwa.

"Nyanya yake amemchukua," alisema muuguzi, akitabasamu. "Daktari yuko Machakos leo, lakini mtoto si amepona? Nyanya amesema ni jina lake, na kwamba leo kuna wageni lazima wamwone. Amemvalisha soksi nyeupe, amependeza!"

Ndinda hakungoja mwisho. Alikimbia hadi getini kwa kiwanda, akaita jina la mumewe juu ya kelele za mashine. Kisilu alitoka na ovaroli, akasikia maneno matatu tu, akaivua ovaroli hapo hapo mbele ya bawabu, akabaki na kaptura na fulana, akakimbia.

Kwa Muthoki kulikuwa na sherehe. Afisa mwenye tai alikwisha kupitisha kitambaa cheupe sakafuni, kikatoka kama kilivyoingia, kwa maana sakafu ilikuwa imesuguliwa tangu alfajiri. Toroli jipya lilisimama mlangoni likiwa na utepe mwekundu. Ndani walijaa wanawake wa mwethya, naibu wa chifu, mzee Musyoka aliyeombwa kufungua kwa sala, na Bwana Ndululu mwenyewe katika koti la rangi ya maziwa. Katikati ya sakafu, kama ua lililowekwa mezani, alikaa Kathoki na soksi zake nyeupe. Alikuwa ameukumbuka mchezo wake. Alikwangua, akalamba.

"Mama huyu," alisema Bwana Ndululu, "ametuonyesha kwamba kile wengine wanachokiita taka ni utajiri. Kuanzia mwezi ujao kampuni itapeleka majivu kwa kila nyumba, tena kwa lori. Sitaki kuona mama wa lokesheni hii anakaa kwenye vumbi."

Makofi yakapigwa hadi mabati yakaitikia. Hapo mlango ukawa giza.

Kisilu alisimama kizingitini akihema, mkononi ana jembe alilolikuta limeegemezwa kwenye ghala. Makofi yakafa. Muthoki aliona miguu tu, miguu ikamtosha. Akavuta leso akajifunika kichwa kizima.

"Kisilu!" alisema mwanamke mmoja kwa mnong'ono wa kutisha. "Mkweo yumo ndani!"

"Nimemwona," alisema Kisilu, akaingia.

Hapo ndipo mayowe yalipopanda. Mtu akiahidi kulisha watoto sumu kwa lori, watu hupiga makofi. Mtu akivuka kizingiti cha mama mkwe, watu hupiga mayowe. Kila jamii ina mambo isiyoweza kuyavumilia. Wanawake walijifunika nyuso, naibu wa chifu akatafuta kofia yake, na mzee Musyoka alisimama mikono imeinuliwa kama aliyekuwa bado anaomba.

"Mwanangu, mwanangu, tungelizungumza..."

"Tulizungumza, mzee. Ukapeleka salamu."

Alimwinua Kathoki, akamfuta kidole kwa fulana yake, akamkabidhi Ndinda aliyekuwa amefika mlangoni akiwa hana pumzi. Kisha akageuka, akainua jembe, akalishusha katikati ya sakafu iliyoshinda mara mbili.

Iling'oka kwa vipande, kama ukoko wa ugali. Chini ya mng'aro kulikuwa na unga mweusi, mkavu, na unga ukapanda. Kisilu hakujua kutengeneza hotuba. Kila pigo alisema neno moja: "Betri. Betri. Betri."

Na sasa likatokea jambo ambalo halikuwa kwenye ratiba. Bwana Ndululu, aliyekwisha kusema kwamba hayo ni utajiri, aliutazama utajiri ukimjia, akatoa kitambaa akaziba pua na mdomo, akaruka benchi, akampita naibu wa chifu, akampita hata afisa wake wa ustawi, akatoka. Nje alivua koti akalipiga juu ya ua kama anayeua nyoka. "Funga vioo!" alimfokea dereva. "Funga vioo vyote! Na viatu nitavua hapa hapa, sitaki kuingia nyumbani na hiki kitu!" Akavivua kweli, akaingia ndani ya gari na soksi, viatu akavitia kwenye mfuko wa karatasi na kuufunga fundo.

Leso ni nguo nyepesi. Muthoki aliona yote kupitia kitambaa na mlango uliokuwa wazi. Hakujua habari za damu wala mashine ya kuchungulia damu, na maneno ya binti yake aliyakataa, ya Gabow akayakataa. Lakini vumbi alilijua, na watu mbele ya vumbi aliwajua. Vumbi la kawaida mtu hulipangusa. Anayelikimbia vumbi bila viatu, huyo alishatambulishwa nalo zamani.

Akashusha leso.

Muthoki alimtazama mkwe wake usoni kwa mara ya kwanza, akaona ni mwembamba kuliko alivyodhani, na kwamba analia. Watu walingoja laana, maana laana ya mama mkwe haina hospitali.

"Wewe!" alisema Muthoki.

Kisilu akashusha jembe, akainamisha kichwa.

"Wewe mtoto wa watu! Nani alikufundisha kuchimba pakavu? Unataka utumalize wote? Maji kwanza!"

Akachukua ndoo ya maji ya wageni, akaimwaga sakafuni yote. Kisha akamnyang'anya jembe, kama alivyowanyang'anya wengine fagio, akamwonyesha linavyoshikwa.

Wanawake wa mwethya hawawezi kumwona mwenzao akilima peke yake. Wakafunga leso viunoni. Walichimba hadi udongo mwekundu wa Mungu ukaonekana, wakakwangua kuta, wakanyunyiza tena, wakachimba pembe ambazo Kisilu angeziacha. Vyote vilipakiwa kwenye toroli jipya. Kwa hivyo zawadi ilianza kazi siku ile ile, na utepe wake mwekundu, ikipanda na kushuka njia ya kiwandani. Mzigo wa kwanza ulimwagwa mbele ya geti lililoandikwa "Tunajenga Taifa". Bawabu aliuliza ni nini. "Ni mali yenu," walimjibu. "Tumeshaitumia, asanteni."

Yaliyofuata yalikuwa ya haki kabisa. Kisilu alifukuzwa kazi kwa kuharibu jina la kampuni, na hakuna aliyefukuzwa kwa kuharibu kitu kingine chochote. Mashindano ya Nyumba Safi yakahamishiwa lokesheni ya jirani, na inasemekana mshindi wa huko alikuwa na sakafu nyeusi, nzuri sana. Wazee nao walikaa wakamhukumu Kisilu kwa kuvunja nthoni: mbuzi na blanketi. Gabow akamtoa mbuzi wa Kyuso, mnono, mwenye meno meupe, akasema watamalizana msimu wa pojo. Wazee wakala, wakafuta midomo, wakatangaza kwamba tangu leo Kisilu na mama mkwe wake wanaweza kusemezana.

Muthoki hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Alikuwa na maneno ya miaka mingi. Kisilu alipewa kipande cha shamba cha kulima na pahali pa kujenga karibu na boma, na kila asubuhi mama mkwe alisimama ukingoni na kumweleza jinsi mifereji yake ilivyopinda, mlango wake ulivyoelekea upepo, na shati lake lilivyokosa sabuni. Zipo siku Kisilu alikiangalia kichaka cha karibu kwa hamu.

Kathoki aliishi. Daktari alimpokea tena, akamkemea kila mtu, akamtibu. Kutembea kulirudi kwanza, kisha kucheka; maneno yalikawia. Muda mrefu alinyoosha kidole tu. Hata baadaye shuleni herufi zilimkimbia, na wako waliosema amerithi kichwa cha baba yake.

Lakini kabla ya hayo, jioni moja, Kisilu aliketi kwa mama mkwe, juu ya sakafu ya udongo mwekundu isiyong'aa hata kidogo, akila muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa. Hakuwa amezoea; alitafuna polepole, uso ameugeuzia ukuta. Kathoki akamjia, akachukua kifuniko cha sufuria kwa mikono miwili, akamfunika baba yake usoni.

"Nimekufa," alisema mtoto, taratibu, akitafuta kila neno mahali lilipo. "Mkwe... ameniona... nikitafuna."

Ndinda akaacha mwiko hewani. Kisilu, nyuma ya kifuniko, alitamani ardhi immeze, kwa sababu mkwe mwenyewe alikuwa hapo, anatazama.

Muthoki alipangusa jicho kwa ncha ya leso. Akasema ni moshi.

"Mwache atafune," alimwambia mjukuu. "Ila asiniangushie makombo."